Divai Husafishwa kwa Kitu Gani?

Divai ni kinywaji cha zabibu. Jambo hilo kila mtoto wa katekisimu alijua. Zabibu huchumwa, hupondwa, maji yake huchacha katika pipa, na baadaye hutiwa katika chupa. Basi, mtu asiyekula nyama ana shida gani na divai? Ukimwona anageuza chupa na kusoma maandiko yake madogo mbele na nyuma kabla ya kunywa, labda utasema: «Huyu anatafuta maneno tu.» Lakini yafaa tusimhukumu upesi. Swali lake ni swali la kweli, na jibu lake nililiona kwa macho yangu mwenyewe.

Katika ujana wangu nilikuwa mwanafunzi huko Ufaransa. Fedha zilikuwa chache, nikaenda wakati wa mavuno kuchuma zabibu katika mashamba ya Saint-Émilion, upande wa mashariki wa mji wa Bordeaux. Mavuno yalipokwisha, mwenye shamba aliniomba nirudi siku za Jumamosi, nimsaidie mzee aliyetunza mapipa. Majira ya baridi yalipofika, mzee huyo aliniwekea mbele kikapu cha mayai na mabakuli mawili. Akaniambia: «Pasua. Ute mweupe huku, viini kule. Kiini hata kidogo kisiingie katika ute.» Nikapasua mayai mpaka vidole vikafa ganzi. Nikamwuliza: «Mzee, twapika nini leo?» Akacheka sana. Akajibu: «Hatupiki kitu. Twaisafisha divai.»

Yafaa kwanza tujue kwa nini divai yahitaji kusafishwa. Maji ya zabibu yakiisha kuchacha hayang'ai. Ndani yake mna hamira iliyokufa, vipande vidogo vya maganda na nyama ya zabibu, na vitu vingine visivyoonekana kwa macho, kama vile protini za zabibu zenyewe. Katika divai nyekundu mna pia tanini, ile inayokausha ulimi kama ndizi isiyoiva. Sehemu nzito hushuka zenyewe chini ya pipa. Sehemu nyepesi hubaki zinaelea wiki nyingi, pengine miezi. Divai nyeupe yaweza kuonekana safi kabisa siku ya kutiwa katika chupa, lakini ikipata joto njiani, protini zake huvimba na kushikana, na divai hugeuka kuwa kama maji ya mto baada ya mvua. Yaweza kunywewa bila kumdhuru mtu, lakini mnunuzi wa Ulaya akiiona hivyo huirudisha dukani.

Sisi watu wa Kivu hatuna haraka hiyo. Kasiksi yetu ni nzito, ina rangi ya udongo, na hakuna mtu anayeilaumu kwa sababu haing'ai. Tena mimi nikiona kasiksi iliyo nyeupe mno, nashuku kwamba mwenye kuuza ameongeza maji. Lakini katika nchi za divai, tangu zamani, watu walipenda kuinua bilauri mbele ya mwanga na kuona ng'ambo.

Basi wakatafuta kitu cha kukamata takataka zile nyepesi. Wazazi wetu nao walijua kazi ya namna hiyo. Katika Sudani na nchi nyingine za Afrika, wanawake husaga mbegu za mlonge na kuzitia katika mtungi wa maji machafu. Hukoroga, hungoja, na kumbe matope hushikana na unga wa mbegu, yote yakashuka chini, na maji ya juu huwa safi. Divai husafishwa kwa namna hiyo hiyo. Hutiwa kitu ambacho takataka hupenda kushikamana nacho. Vikishikana huwa vizito, vikizama huacha divai safi juu yake. Kiisha divai huhamishwa polepole katika pipa jingine, na mashapo hubaki. Wafaransa huiita kazi hiyo kwa neno litokalo katika neno lao la gundi.

Gundi ya mzee wangu ilikuwa ute wa yai. Pipa la Bordeaux huingia litri 225, yaani chupa 300. Kwa pipa moja alitumia ute wa mayai matano au sita, pamoja na chumvi kidogo. Aliupiga ute pole, usifanye povu jingi, akaumimina katika pipa na kukoroga. Baada ya wiki kadhaa aliihamisha divai, akiwa ameshika taa nyuma ya mkondo wake ili aone mahali uchafu unapoanza, afunge mara moja. Ute wa yai hupenda tanini. Ndiyo maana divai nyekundu iliyokuwa kali kinywani huwa laini baada ya kazi hiyo. Na viini je? Mke wa mwenye shamba alivichukua kutengeneza keki ndogo za Bordeaux ziitwazo canelés. Watu wa huko husimulia kwamba keki hizo zilianzishwa na masista wa zamani, waliopewa viini na wenye mapipa. Sijui kama ni historia au hadithi tamu tu, lakini keki zenyewe nilizila nyingi.

Mayai ni njia moja tu. Ziko nyingine, na hapo ndipo mtu asiyekula nyama anapoanza kukunja uso. Ya kwanza ni gundi ya samaki. Ndani ya tumbo la samaki mna kibofu cha hewa kimsaidiacho kuelea. Kibofu hicho kikikaushwa na kulainishwa, husafisha divai nyeupe vizuri ajabu: gramu moja au mbili zatosha kwa litri 100. Zamani kilitoka hasa kwa samaki wakubwa wa mito ya Urusi, wale wale watoao mayai meusi ya bei kubwa. Lakini msidhani jambo hili ni la mbali. Wavuvi wa ziwa Victoria huviita vibofu hivyo mabondo, nao huvitoa katika sangara, samaki ambaye sisi wa Kongo twamwita kapiteni. Mabondo mengi huenda nchi za Uchina kwa ajili ya supu, na mengine yamekwenda katika kazi ya kusafisha pombe na divai. Kwa hiyo mtu aweza kunywa bilauri ya divai Brussels, na katika kuisafisha kulikuwa na kazi ya mvuvi wa Mwanza. Hata bia imeguswa na mambo haya. Kiwanda cha Guinness cha Dublin kilisafisha bia yake kwa gundi ya samaki miaka mingi sana, kikatangaza mwaka 2015 kwamba kitaacha na kutumia njia nyingine ya kuchuja.

Njia ya pili ni jelatini, ipatikanayo kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Ya tatu ni kazeini, protini ya maziwa, ambayo huondoa uchungu na rangi ya kahawia katika divai nyeupe. Zamani ilikuwako ya nne, damu ya ng'ombe iliyokaushwa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza katika miaka ya 1990, wakati wa hofu ya ule ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe.

Sasa mtasema: «Lakini vitu hivyo hushuka chini na kuachwa. Mnywaji hanywi yai wala samaki.» Ni kweli, kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni kidogo mno, pengine hata vyombo vya wataalamu havikioni. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 sheria ya Ulaya yaamuru kwamba mabaki ya yai au maziwa yakionekana katika divai, lazima yaandikwe kwenye chupa, kwa ajili ya watu ambao miili yao haivumilii vyakula hivyo. Gundi ya samaki haikuwekwa katika amri hiyo. Tena tangu Desemba 2023 divai mpya za Ulaya zapaswa kutaja vitu vilivyomo ndani yake, kwenye chupa yenyewe au kwa alama ya kusomwa na simu. Lakini kitu kilichosaidia kazi tu, kiisha kikaondolewa, hakilazimiki kutajwa. Basi chupa yaweza kusema kweli tupu na bado isijibu swali la mtu wetu.

Tena watu hao si wa namna moja. Wako wasiokula mnyama aliyekufa, lakini hukubali yai na maziwa, kwa sababu kuku na ng'ombe hubaki hai. Hao hufuata njia ya chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1847. Mmoja wao aweza kunywa divai iliyosafishwa kwa ute wa yai au kwa kazeini, lakini atakataa ya jelatini na ya samaki. Wako na wengine wanaokataa kila kitu kitokacho kwa mnyama, hata asali. Hao waitwa vegani. Neno hilo lilianza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake wachache walipoanzisha chama chao Uingereza. Kwa mvegani, yai la mzee wangu ni kizuizi sawa na mfupa wa ng'ombe. Hasemi kwamba yai limo katika bilauri. Asema: «Mnyama ametumiwa kwa ajili ya kinywaji changu, nami sitaki.» Waweza kutokubaliana naye. Lakini maneno yake yaeleweka.

Na je, kuna njia ya kuisafisha divai bila mnyama? Ziko nyingi, na si ngumu. Ya kwanza ni subira. Divai ikiachwa miezi mingi katika pipa na kuhamishwa mara kwa mara, takataka nyingi hushuka zenyewe. Ya pili ni udongo. Katika nchi ya Wyoming, Marekani, na mahali pengine, huchimbwa udongo mwororo uliotokana na majivu ya volkano za zamani sana, nao waitwa bentoniti. Ukitiwa katika maji huvimba kama uji. Chembe zake zina umeme wa namna moja, na protini za divai zina umeme wa namna ya pili, basi huvutana na kushikana. Kwa litri 100, gramu 50 hadi 100 hutosha mara nyingi. Tazameni jambo la kupendeza: katika mtungi wa Sudani, protini ya mbegu hukamata udongo, katika pipa la divai, udongo hukamata protini. Ni ndoa ile ile, wametangulia tu kufika tofauti.

Ya tatu ni protini za mimea. Wataalamu wametoa protini katika njegere na katika viazi, nazo hufanya kazi ya jelatini na ya yai. Kuna pia makaa laini ya kuondoa rangi na harufu mbaya, na unga uliobuniwa na wataalamu wa kemia uitwao PVPP. Mwisho kuna vichujio vyembamba ambavyo hata hamira haipiti. Wengine huiacha divai bila kuisafisha kabisa, wakaandika hivyo kwenye chupa kwa fahari, na mnywaji hujua kwamba ataona mashapo kidogo chini. Kwa hiyo divai ya wavegani si divai ya namna nyingine. Haina mti wake wala zabibu zake. Ni divai ile ile, ambayo mtu mmoja katika ghala alichagua udongo badala ya yai.

Nawaeleza haya yote kwa sababu yalituingia nyumbani. Binti wa kaka yangu anakaa Brussels, naye ni mvegani tangu miaka mingi. Alirudi Bukavu kwa arusi ya mdogo wake. Kwenye karamu, mkubwa wa ukoo wetu alimimina divai nyekundu, akampa kwa mikono miwili. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ipasavyo, lakini hakunywa. Alinigeukia akaniuliza kwa sauti ndogo: «Baba mdogo, wewe uliyefanya kazi hiyo, divai hii imesafishwa kwa kitu gani?»

Watu walisikia. Shangazi yake akasema: «Je, huko Ulaya wamekufundisha kukataa kikombe cha arusi ya ndugu yako?» Karamu ikanyamaza. Ninyi wasomaji mwajua uzito wa neno hilo. Kwetu, mtu akikataa kinywaji cha wazee mbele ya wageni, ni kama kusema kwamba kina sumu, au kwamba hana radhi na ndoa.

Nikaitazama chupa. Haikuwa na alama yoyote. Ningeweza kumwambia: «Kunywa, mwanangu, ni zabibu tu.» Nani angejua? Wazee wangefurahi, wanamuziki wangeendelea, naye binti angekunywa kwa moyo mweupe. Lakini alikuwa ameniuliza mimi kwa sababu aliniamini. Nikasema: «Mwanangu, karatasi hii hainiambii kitu. Yawezekana ni udongo, yawezekana ni yai au mfupa. Siwezi kukuapia.» Kiisha nikawaelezea wazee habari za mayai ya Saint-Émilion, kama nilivyowaelezea ninyi.

Mkubwa wa ukoo alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: «Na kasiksi je? Kuna mnyama katika kasiksi?» Binti akacheka, machozi yakiwa bado karibu. Ndizi, maji, unga wa mtama uliokaangwa, na majani ya kukamulia na kuchujia: hakuna kitu kingine. Mzee akaagiza kibuyu kimoja na mirija miwili, wakanywa pamoja, yeye na binti, mbele ya wote. Shangazi akapiga vigelegele. Ile bilauri ya divai aliinywa shangazi, asiipoteze.

Tangu siku ile wengine wameniuliza kuhusu divai ya Misa. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, yataka divai ya asili, iliyotoka katika tunda la mzabibu, na isiyoharibika. Kuisafisha kwa udongo au kwa ute wa yai, kisha kuviondoa, hakuigeuzi kuwa kitu kingine. Wala kuacha nyama si jambo geni kwetu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, yawataka wamonaki wajinyime nyama ya wanyama wenye miguu minne, isipokuwa wagonjwa wadhaifu. Na kanuni hiyo hiyo yawaruhusu kipimo cha divai kila siku. Watawa wa Cîteaux, waliofuata kanuni hiyo, ndio waliolima mashamba mashuhuri ya mizabibu ya Bourgogne. Basi, meza isiyo na nyama lakini yenye divai, Kanisa laijua tangu zamani. Naye Mtakatifu Paulo, katika sura ya 14 ya barua kwa Warumi, alikwisha kuwaona watu wa namna hizi mbili kwenye meza moja, akawakataza wasidharauliane.

Lakini sikuandika ili niwafanye ninyi kuwa wavegani. Mimi mwenyewe nala kapiteni, tena kwa furaha. Naandika kwa ajili ya siku ambayo mgeni wa namna hiyo atafika kwenu, kwa maana watoto wetu wameenea duniani, na hurudi na desturi zao. Basi fanyeni hivi. Mkinunua divai kwa ajili yake, tafuteni neno «vegan» kwenye chupa, pengine pamoja na ile alama ya herufi V yenye jani. Mkikosa, mwulizeni mwuzaji, naye akikosa jibu, mwandikieni mwenye divai. Wengi hujibu, maana si siri. Mgeni akiwa hali nyama lakini hunywa maziwa, mwulizeni kama divai ya yai yamfaa, msidhani tu. Na mkiwa hamjui, mwambieni kwamba hamjui, mkampe juisi ya marakuja au kasiksi.

Mtu anayepewa chakula hakuona jikoni. Hakuona pipa, wala mkono uliopasua mayai. Hula na kunywa kwa kuamini neno la mwenye nyumba. Sahani ikiwa na kasoro, mgeni atasahau kabla ya kufika kwake. Lakini akigundua kwamba mlimdanganya kwa jambo alilowauliza, hata maji ya nyumba yenu atayanywa kwa wasiwasi.